Kamati ya Madume Wajawazito

6 Februari

Mpwa wangu mpendwa,

Salamu nyingi sana. Mimi ni mzima, isipokuwa goti la kushoto, ambalo siku hizi lina maoni yake. Natumaini wewe na mkwe wangu hamjambo, na kwamba dada yangu, yaani mama yako, bado anagombana na redio. Mwambie namsalimu na sijasahau blanketi langu alilolichukua.

Unauliza kwa nini naandika barua kama mtu wa zamani. Simu yangu imetumbukia kwenye karai la dawa. Sisi wachanjaji wa nguruwe, kabla ya kuingia shambani, lazima tukanyage karai la dawa ya kuua virusi kwa buti zote mbili. Nikainama kukaza buti, simu ikachomoka mfukoni mwa shati, chubwi! Sasa hakuna simu safi kama yangu, ila haisemi na mtu. Mpya sinunui. Ofisi walikuwa wananipigia kila dakika, na tangu siku hiyo nalala vizuri.

Kazi inaenda vizuri mno. Tarehe thelathini Desemba nilichanja nguruwe wote wa shamba kubwa la huku bondeni dhidi ya homa ya nguruwe. Juzi nikarudi kuchukua damu ya thelathini kati yao, majike kumi na wanane na madume kumi na wawili, ili maabara waone kama chanjo imeshika. Msaidizi wangu alikuwa anaumwa jino, kwa hiyo nilikuwa peke yangu. Wewe unafuga, unajua: kumtoa nguruwe mmoja damu ya shingoni ni shughuli ya watu wazima watatu na matusi. Basi mimi nimejaza vichupa vyote thelathini kabla ya chai ya saa nne. Meneja wa shamba hakuamini macho yake. Buti zangu hazikuwa hata na matope.

Kuna nguruwe jike huko nimempa jina Bi Tulia. Ukimkuna nyuma ya sikio analala mwenyewe, anafumba macho, unamdunga huku unapiga mluzi. Laiti watu wa ofisini kwetu wangekuwa hivyo.

Huko kwenu mtafikiwa na chanjo mwishoni mwa Machi. Msilete ubishi. Homa ikishaingia bandani haina tiba, ina shimo na chokaa tu.

Mjomba wako


3 Machi

Mjomba, shikamoo,

Sisi wazima. Mama ameshinda: redio imekufa kabisa. Kuhusu blanketi anasema, blanketi gani? Mume wangu anakusalimu. Waziri naye angekusalimu kama angekuwa na nafasi, maana kila Jumamosi anaogeshwa kwa sabuni ya unga na maji ya vuguvugu. Unamkumbuka Waziri, dume wetu. Mume wangu anamsugua mgongo huku anamweleza habari za wiki. Mimi mke wa ndoa nasubiri zamu yangu ya kuelezwa.

Sasa, Mjomba, kabla redio haijafa ilitangaza jambo. Ilisema maabara imepima damu ya nguruwe thelathini wa shamba kubwa la bondeni, na chanjo imeshika kwa wote, kwa kiwango kile kile, bila tofauti hata ya nywele. Tukashangilia. Halafu ikasema wote thelathini wana mimba. Mimba ya umri mmoja, iliyotungwa siku ile ile waliyochanjwa. Wote, wakiwamo madume kumi na wawili. Mama akasema ni betri zinaisha. Nikabadilisha betri, na zikasema hivyo hivyo.

Tangu siku hiyo wanaume wa hapa hawakai wakatulia. Wanakutana kwa fundi baiskeli asubuhi mpaka jioni. Wanasema chanjo inawapa madume mimba. Mmoja akauliza, na dume aliyehasiwa je? Mume wangu akasimama akajibu kwamba hata aliyehasiwa ana heshima yake. Walimpigia makofi! Na mchanjaji wa kata yetu, maskini, aliwahi kujichoma kidole na sindano, na ana kitambi. Akipita watu wananyamaza na kumtazama tumbo. Juzi mwanamke mmoja alimpisha kiti.

Mimi nacheka, lakini usiku nahesabu nguruwe wangu. Majike saba na Waziri. Ada za shule za watoto zimo bandani, matibabu ya mama yamo bandani, na nyumba hii imeezekwa na banda hilo hilo. Homa imeshafika ng'ambo ya mto. Jamaa mmoja huko aliamka na nguruwe arobaini, akalala bila hata mmoja.

Damu ile umeitoa wewe. Hakiulizi kijiji, nauliza mimi: hao madume wana mimba au hawana? Nijibu kwa neno moja, nitalisimamia mbele ya watu.

Mpwa wako


12 Machi

Mpwa wangu mpendwa,

Barua yako imenifikia na nimeisoma mara tatu. Nimefurahi kwamba mu wazima. Pole kwa redio. Goti langu sasa linatabiri mvua, na wiki hii limekosea mara mbili tu.

Mambo huku ni makubwa. Umeniuliza kuhusu maabara. Kumbe walikuwa na vipimo vya mimba vilivyokaribia kuisha muda wake, wakaona ni dhambi kuvitupa, wakaamua kuvitumia kwenye damu yoyote iliyo karibu. Damu iliyokuwa karibu ni ile yangu, nina maana ile niliyoipeleka. Ndivyo sayansi inavyosonga mbele.

Mkuu wa ofisi ameniita, nikadhani nafukuzwa. Nikaingia nimeshika kofia kwa mikono miwili. Akasimama, akanikumbatia! Anasema katika miaka yote ya kazi yake hajaona damu iliyochukuliwa kwa usawa kama ile. Amenipa cheti chenye fremu. Pia imeundwa Kamati ya Madume Wajawazito, wajumbe saba, na mimi ni mjumbe wa nane asiye na kura. Madume wale kumi na wawili wamehamishiwa mabanda yenye majani makavu, wanapewa uji wa pumba mara nne kwa siku, na ni marufuku kuwapigia kelele. Mmoja ameshanenepa hadi mlango umepanuliwa. Mimba ya nguruwe, kama ujuavyo, ni miezi mitatu, wiki tatu na siku tatu. Kamati imepiga hesabu: watazaa tarehe 23 Aprili.

Kuhusu lile swali lako, mambo ya maabara yana wenyewe. Mimi ni mtu wa sindano tu. Cha msingi chanjeni, basi. Msisikilize maneno ya watu.

Mwambie mama yako blanketi lenyewe ni la kijivu, lina mstari mwekundu.

Mjomba wako


31 Machi

Mjomba, shikamoo,

Hatujambo. Mama anasema blanketi la kijivu halijui, lakini la mstari mwekundu ni zuri sana na lina joto.

Umeniandikia mistari yote hiyo, goti, kofia, fremu, na neno moja nililokuomba halimo. Nimeigeuza karatasi nikatazama hata nyuma.

Jana chanjo ilifika. Kabla yake kijiji kilikaa mkutano kuanzia asubuhi. Nilisimama nikasema mjomba wangu ndiye aliyechukua ile damu, na ameniandikia kwamba tuchanje. Fundi baiskeli akauliza, je, ameandika kwamba madume hawana mimba? Nikanyamaza. Mimi, Mjomba, nikanyamaza mbele ya watu! Nilitamani nizame ardhini na barua yako mkononi.

Basi wakaamua, na katibu akaandika kwenye daftari: majike wachanjwe, kwa kuwa jike akipata mimba si habari, madume waachwe na heshima zao. Wale waliohasiwa walipigiwa kura peke yao, wakaachwa nao kwa tofauti ya kura mbili. Mchanjaji alibishana mpaka jasho likamtoka, akaambiwa asijichoshe, afikirie hali yake.

Majike wangu saba wamechanjwa na kuvishwa hereni zao masikioni. Waziri alifungiwa stoo, mume wangu amesimama mlangoni na mpini wa jembe. Nikamwambia, jamani, ni sindano tu, yeye atachomwa sekunde moja. Akanijibu, na macho yake yalikuwa na machozi, kweli, si utani: «Huyu ananiamini mimi.»

Nakuuliza kwa mara ya pili. Sitauliza ya tatu.

Mpwa wako


24 Aprili

Mpwa wangu,

Salamu kwa wote. Leo sina habari ya goti.

Jana ilikuwa siku ya kuzaa. Kamati nzima ilifika shambani alfajiri. Tulikanyaga karai la dawa, tukaoga, tukavaa makoti meupe ya shamba, tukapanga mstari mbele ya madume kumi na wawili. Kila mjumbe taulo mkononi. Kulikuwa na mabeseni ya maji ya moto, na mpiga picha alikuwa amepanda juu ya ndoo. Saa mbili, kimya. Saa tatu, dume mmoja akajilaza ubavu, Mkuu akashika mkono wangu akasema: «Huyo, huyo, anaanza!» Tukasubiri. Dume akakoroma.

Banda la pili, nyuma ya migongo yetu, Bi Tulia alikuwa anazaa kweli. Nilisikia sauti zile ndogo. Hakuna aliyegeuka. Nikatoka kwenye mstari polepole, nikaingia kwake, nikamfutia watoto mmoja mmoja kwa lile taulo la Kamati. Kumi na mmoja, wote hai. Siku ile ile, tarehe ile ile iliyopigwa hesabu. Akanitazama kwa jicho moja, halafu, mpwa wangu, akainamisha shingo na kunisogezea, kana kwamba nimekuja kumtoa damu tena.

Hapo nikalia. Mwanaume wa umri wangu, na koti jeupe.

Neno moja uliloomba ni hili: hawana. Hawakuwahi kuwa nayo. Asubuhi ile ya Februari nilijaribu dume wa kwanza akanibana ukutani, akanichania suruali. Wa pili nikamwona meno nikarudi. Barafu kwenye sanduku ilikuwa inayeyuka. Nikakaa kando ya Bi Tulia nipumzike tu, nikamkuna sikio, akalala. Nikasema basi, kichupa kimoja. Halafu cha pili. Nilijaza vichupa vyote thelathini kutoka shingo hiyo moja, nikaandika namba za wengine juu yake, nikapiga mluzi. Yeye alikuwa amepandishwa siku ile ile niliyomchanja. Hiyo ndiyo mimba thelathini.

Chanjo niliwapiga wote, hilo naapa, maana chanjo sindano yake ni ya kuchoma na kukimbia. Ni damu tu.

Jana jioni nilimwambia Mkuu. Alinisikiliza mpaka mwisho. Akasema mimi si mtaalamu, siwezi kusema nimekosea. Kukosea ni jambo la kitaalamu, lazima lithibitishwe. Kamati imekwisha andika taarifa yake: kuzaa kwa madume kumeahirishwa hadi tarehe itakayotangazwa.

Mchanje Waziri. Mwonyeshe mkwe wangu barua hii, wasomee kwa sauti kijiji kizima. Nilinyamaza kwa sababu ya cheti, na kwa sababu niliona aibu kwako kuliko kwa mtu yeyote. Mchanje leo.

Mjomba wako


20 Mei

Kwa mjomba wangu.

Barua yako imefika jana. Ina mhuri: IMEPULIZIWA DAWA, IMEKAA KARANTINI SIKU ISHIRINI NA MOJA. Kizuizini pale darajani wameamua kwamba kwa kuwa virusi hupita kwenye viatu na nyama, na barua zako zinatoka kwenye mashamba ya nguruwe, basi nazo ni wageni. Ilikaa kwenye rafu kati ya buti na ndoo.

Homa iliingia tarehe 10. Wanasema ni mchuuzi aliyelisha nguruwe wake mabaki ya nyama ya ng'ambo. Madume wote wa kijiji hiki, kumi na mmoja, waliohasiwa na wasiohasiwa, wamekufa. Majike waliochanjwa hawakukohoa hata mara moja. Wanakula, wanalala, wanatutazama.

Waziri alianza kwa kukataa uji. Masikio yakawa mekundu, miguu ya nyuma ikawa haimsikii. Mume wangu alimtandikia koti lake la harusi. Siku nne hakutoka stoo. Alikuwa bado anamweleza habari za wiki. Tarehe 14 tukachimba shimo, tukamwaga chokaa. Mume wangu amerudi ndani na kamba ya Waziri, ameitundika mlangoni, na tangu hapo hajanisemesha chochote zaidi ya kuomba maji.

Ungesema Machi. Sikukuomba kitabu. Uliandika kuhusu fremu.

Na bado hujasikia la mwisho. Sasa kijiji kina majike sitini na hakuna dume, na hakuna ruhusa ya kuingiza nguruwe. Basi wamekaa tena kwa fundi baiskeli wakakumbuka ile sindano. Wanasema kama inawapa mimba hata madume, majike je? Wameandika maombi ofisini kwenu: waletewe chanjo ya mimba, na aje mchanjaji yule yule wa bondeni, kwa sababu ana mkono mwepesi. Nimewasomea barua yako. Hawaamini. Wanasema mpwa anamlinda mjomba ili dawa nzuri ibaki huko huko.

Utakuja. Hutatumia barua, utakuja na mdomo wako. Mimi sitatoka nje.


11 Juni

Mpwa wangu,

Nakusalimu, hata kama husalimiki.

Najua ulikuwa nyuma ya pazia. Nilijitahidi nisitazame. Kwa kuwa ulikuwa mbali hukusikia, nakuandikia yaliyosemwa, na sitapamba.

Nilikanyaga karai la dawa langoni mwa kijiji. Watu walikuwa kwenye foleni tangu asubuhi, kila mmoja na jike wake, foleni kutoka kwa fundi baiskeli mpaka kisimani. Wamevaa nguo nzuri. Waliponiona walipiga vigelegele. Katika maisha yangu yote ya kuchanja nguruwe nimepigwa mawe, nimefunguliwa mbwa, nimeambiwa mwenye nyumba amesafiri huku nikimwona chini ya meza. Sijawahi kupigiwa vigelegele. Na nakiri kwako, kwa dakika moja nilifikiri: nyamaza tu. Wanataka chanjo, wape. Nani atapungukiwa?

Nikapanda kwenye benchi la fundi. Nikasema yote, tangu suruali kuchanika mpaka kichupa cha thelathini. Nilikuwa nimekileta kile cheti, nikakivunja fremu pale pale, ingawa kioo kilinikata kidole na nadhani hilo liliharibu heshima ya tukio.

Hakuna aliyenitukana. Nilikuwa nimejiandaa kwa matusi. Bibi mmoja mwenye jike mwenye doa jeusi, aliyekuwa wa kwanza kwenye foleni, akauliza:

«Kwa hiyo dawa ni ya homa tu?»

«Ya homa tu, mama.»

«Na dume wangu angepona?»

«Angepona.»

«Sasa mbona hukusema?»

Mpwa wangu, goti langu hili limepanda vilima vyote vya wilaya. Jibu nimelitafuta njia nzima ya kurudi, na mpaka naandika sijalipata. Aliningoja kwa adabu, kisha akamgeuza jike wake, wakaenda nyumbani. Na wengine wakageuza wao, mmoja mmoja.

Aliyebaki mwisho wa foleni ni mkwe wangu. Alikuwa ameshika ile kamba, na mwisho wa kamba hakukuwa na kitu. Alikuja nayo mpaka mbele yangu. Akasema, «Andika.» Nikatoa fomu. «Waziri. Dume. Miaka minne. Hakuchanjwa.» Nikaandika. Kwenye nafasi ya sababu nikamuuliza niandike nini. Akasema, «Mimi na wewe.» Nimeandika hivyo, na nimeipeleka ofisini hivyo hivyo.

Watu watatu wa kijiji cha pili walikuwa wamesimama pembeni wakisikiliza. Huko homa haijafika. Kesho yake waliniita, nikachanja madume arobaini na sita. Damu nitarudi kuchukua mwezi ujao. Nimeomba watu wazima watatu.

Mjomba wako


4 Julai

Mjomba,

Shikamoo.

Juzi jike wetu mkubwa amezaa. Ni mimba ya Waziri, ya mwezi wa tatu. Watoto tisa, madume wanne. Mume wangu ameingia bandani, amewahesabu, akatoka akaniambia idadi, kisha akaniambia na rangi zao, kisha akakaa chini akanieleza habari za wiki saba. Sijachoka kusikiliza.

Ameandika tarehe yao ya kuchanjwa kwa chaki ukutani, juu ya kitanda chetu. Ile kamba bado ipo mlangoni.

Mama amelifua blanketi lako. Hakusema ni lako, amesema tu limefuliwa na kama kuna mtu anapita huku atalikuta limekunjwa.

Uje uwachanje wewe mwenyewe. Na ukija kuchukua damu, utaichukua kwa kila mmoja, mbele yangu, nami nitakuwa nahesabu kwa sauti.

Mpwa wako